Mistari myeusi kati ya tailizi za bafuni

Wana Arusha, mwezi wa 6 na wa 7 kwa hii baridi madirisha ya bafu yanafungwa kutwa nzima, ndo maana mistari kati ya tailizi inaota ukungu mweusi. Changanya jik kipimo 1 na maji vipimo 10, paka kwa mswaki wa zamani, acha dakika 10 hivi ndo usugue, suuza maji mengi, dirisha liwe wazi. Ule ukoko mweupe chini ya bomba ni kitu kingine, huo unaondolewa kwa siki, ila ifanye siku nyingine kabisa, na nawaomba sana jamani jik msiichanganye na siki wala dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini inayounguza mapafu na bafu zetu mnazijua zilivyo ndogo.

Na kama mistari imepasuka, kabla hujajaza grauti mpya (ile saruji laini ya kuziba mistari kati ya tailizi) gonga kila tailizi kwa sarafu. Ikilia kama kuna uwazi ndani ujue imeachia, hapo grauti itapasuka tena na maji yataendelea kupita nyuma. Ing'oe taratibu, kwangua saruji yote ya zamani, paka gundi ya tailizi mgongo mzima, sio madonge manne ya kwenye kona kama mafundi wengi wanavyofanya, katikati panabaki hewa ndo hapo inapopasuka ukiweka ndoo. Acha ishike siku nzima kabla ya grauti, kwa baridi hii hata siku 2, na hakuna kuoga humo.