Bajaji imeshakula hela nyingi: utajuaje kama utengeneze tena au uuze

Hii namwandikia mtu ambaye bajaji yake imeshashushwa injini zaidi ya mara moja, na leo fundi kapiga tena anataka milioni moja na laki mbili, na kitu cha kwanza kinachomjia kichwani ni "nimeshaweka hela nyingi humu, siwezi kuacha sa hivi". Hapo hapo simama ndugu yangu. Hilo wazo ndo linalowamaliza watu, mtu anakopa mpaka kwenye kikoba kwa ajili ya kufukuzia hela ambayo hairudi.

Na sio wenye bajaji tu. Uingereza na Ufaransa walisaini mwaka 1962 kutengeneza ndege ya Concorde, gharama zikapaa kuliko makadirio yote, dalili kwamba hailipi zikawa wazi ila wakaendelea tu, ikaanza kubeba abiria 1976 na mashirika yaliyokuja kuirusha kwa kudumu ni mawili, moja la kila nchi. Mpaka leo wanaosoma mambo ya maamuzi wanaliita kosa hili kwa jina la ndege hiyo.

Sasa fanya hivi. Chukua karatasi, andika hela zote ulizokwishatumia, halafu pigia mstari chini yake. Kila kitu kilichoko juu ya mstari hakiingii kwenye hesabu ya leo, maana ukitengeneza imeenda na ukiuza imeenda vile vile. Inauma, najua, ila lazima.

Chini ya mstari ndo kuna kazi. Tuseme dalali anaichukua hivyo hivyo mbovu kwa milioni mbili na nusu, na ikishapona inauzika milioni tatu na laki mbili. Yaani milioni moja na laki mbili ya fundi inaongeza laki saba tu kwenye bei, laki tano iliyobaki lazima itoke barabarani. Kama dereva anakuletea hesabu elfu ishirini kwa siku, siku sita kwa wiki, hiyo ni laki na ishirini, kwa hiyo unahitaji wiki nne na kidogo bila kuharibika ndo urudishe tu, faida inaanzia hapo. Weka namba zako mwenyewe, hizi ni za mfano.

Halafu jiulize, matengenezo yaliyopita yalidumu muda gani? Hapa watu wanachanganya sana. Hela za nyuma tumeziacha lakini historia ya chombo hatuiachi, kama kila ikitoka gereji inatembea wiki tatu inazima basi jibu unalo, uza. Ila kama ilipiga kazi miezi nane vizuri na sasa tatizo ni jipya kabisa, tengeneza bila wasiwasi, kuuza kwa hasira nako ni hasara.

Kingine, usimuulize fundi wako peke yake. Simaanishi ni mtu mbaya, ila yeye anakula kwa kutengeneza, atakuambia inapona na huenda anaamini kabisa. Tafuta fundi mwingine ambaye umeshamwambia kazi hatapewa yeye, mpe hela ya kuangalia tu akwambie ukweli. Na ukikwama, fikiria jirani amekupa hiyo bajaji bure leo, mbovu hivyo hivyo, na mkononi una hiyo milioni na laki mbili, je ungeenda nayo kwa fundi au kwa dalali?

Ukiamua kutengeneza, weka kikomo kabla hujatoa hata shilingi, kiasi na muda, na mtumie meseji mkeo au mumeo au mshirika wako ili siku ikifika asikuache ubadilishe maneno. Ikizima kabla ya muda huo, wa kwanza kumpigia ni dalali.