Kamba ya nyavu ya kufundishia maisha ya John Lewis

Wanafunzi wakishasikia habari za John Lewis, mpigania haki za Weusi wa Marekani, na daraja la Selma, Alabama, alikopigwa na askari mwaka 1965, hurukia moja kwa moja kwenye ubunge alioushinda 1986. Katikati kuna miaka 21, na humo ndimo mwanaharakati alimogeuka mwanasiasa. Somo hili la vipindi viwili linaitandaza miaka hiyo ukutani.

Nunua mita 6 za kamba ya nailoni kwenye soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, manila moja ya A1 na vibanio vya nguo 18. Kata manila vipande 16 viwe kadi. Ukikata 8, kadi ya 1965 na ya 1966 zitapandana. Funga kamba ikaze kwanza, ukiacha sentimita 30 kila upande kwa ajili ya fundo, ndipo upime. Nailoni hurefuka ikivutwa, hivyo alama zilizopigwa kamba ikiwa sakafuni zitahama. Kila mwaka ni sentimita 20. Kila kadi ipate vibanio viwili, maana upepo wa ziwani mchana huipindua yenye kimoja.

Anza na 1960, Lewis akiwa mwanafunzi Nashville, yeye na wenzake wakigoma kuondoka kwenye kaunta za migahawa zilizowabagua Weusi. Sentimita 60: 1963, anahutubia Washington akiwa na miaka 23. Mita 1: Machi 7, 1965, askari wanamvunja fuvu Selma; Agosti 6 sheria ya haki ya kupiga kura inasainiwa. Wengi huichanganya na ile ya 1964 iliyopiga marufuku ubaguzi hotelini na kazini, kwa hiyo andika "KURA" kwa wino mwekundu.

Hapa usikimbie. 1966 anang'olewa uenyekiti wa SNCC, kamati ya wanafunzi wapigania haki bila vurugu. 1970 anaongoza mradi wa kuandikisha wapiga kura Kusini, kazi ya mtaa kwa mtaa. 1977 anagombea ubunge Atlanta, anashindwa. 1981 anachaguliwa diwani. 1986 anawania tena ubunge, akipambana na rafiki yake wa harakati, Julian Bond; Bond anaongoza duru ya kwanza, Lewis anashinda marudio. Kadi ya 1987, anapoapishwa, inakaa kwenye mita 5.4.

Mwite mwanafunzi atembee kutoka 1965 hadi 1986 akihesabu hatua, huku wenzake wakitaja kila kadi anayoipita.

Kipindi cha pili mlinganishe Lewis na Paul Bomani, aliyetoka ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa (shirikisho la VFCU, 1955) akawa waziri wa Tanganyika mwaka 1960. Usiwaache waseme "ni yuleyule": Bomani aliwapigania wakulima waliopunjwa kwenye mizani chini ya mkoloni, Lewis raia walionyimwa kura katika nchi yao. Waulize kila mmoja aliingia serikalini akiwa na wafuasi gani nyuma yake, na aliwapataje.