Kabla Hujafungua Skrubu ya Kwanza: Kufufua Mbao za Lee-Enfield ya Zamani

Lee-Enfield fupi, yaani toleo la Mk III (Mark III) la mwaka 1907 na Mk III* lililofuata 1916, ndiyo bunduki waliyobeba wanajeshi wa Uingereza na makoloni yake, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) wakiwemo. Mbao zake ni ngumu na zinavumilia mengi. Zinachoshindwa kuvumilia ni mtu mwenye haraka na msasa mkononi.

Kibali cha umiliki kiwe sawa kabla ya jambo lolote. Kisha vuta bolti, kile chuma chenye mkono kinachofunga chemba, chungulia chemba kwa macho, ingiza na kidole, toa magazini, halafu toa bolti yenyewe. Kama una bunduki zaidi ya moja, usichanganye bolti: kila moja ililinganishwa na mwili wa bunduki yake, na namba iliyo nyuma ya mkono wa bolti inapaswa kufanana na ya mwilini.

Sasa itambue mbao. Za viwanda vya Uingereza kwa kawaida ni za mti wa jozi. Kiwanda cha Lithgow, Australia, kilitumia pia miti ya kwao, ambayo ni myepesi na hupasuka kirahisi, ndiyo maana nyingi zina vibamba vya shaba nyekundu ndani, viache palepale. Za Ishapore, India, mara nyingi zina skrubu iliyokatiza ubavuni mwa mbao ya mbele. Hiyo si kazi ya fundi wa mtaani, iliwekwa makusudi kuimarisha mbao. Piga picha mihuri yote na kisahani cha shaba kilicho ubavuni mwa kitako, kama kipo. Muhuri ukishapigwa msasa haurudi.

Hapa pa kufungulia ndipo wengi wanapoharibu. Kitako kinashikwa na bolti nyingine, ndefu, ya kufungia kama skrubu, inayopita katikati yake, na ncha ya mbele ya bolti hiyo ni ya pembe nne, imekaa ndani ya kibamba kilichozama nyuma ya mbao ya mbele. Ukianza kuzungusha bolti ya kitako wakati mbao ya mbele bado ipo, ncha ile inageuka ndani ya kibamba na kupasua mbao kwa nyuma. Kwa hiyo mbao ya mbele itoke kwanza, kitako kiwe cha mwisho. Ondoa kofia ya mdomo wa bunduki na pete ya nje. Angalia kipini chenye springi kilicho ndani ya mbao karibu na mdomo, na springi ya skrubu ya pete ya ndani. Vyote viwili huruka na kupotea. Kifuniko cha juu cha nyuma kinabana mtutu kwa springi, kinyanyue taratibu pande zote mbili kwa pamoja. Ukishatoa kikingio cha kifyatulio, shusha mbao ya mbele kuanzia upande wa nyuma, iende sawasawa. Usiivute kutokea mdomoni kama unakwanyua kitu. Ndipo sasa ufungue kimlango cha bamba la kitako, utoe kizibo cha ngozi kilicho ndani ya tundu, uingize bisibisi yenye shina la sentimita 30 hivi na ncha inayojaa mfereji wa bolti.

Mbao ikiwa mezani, kagua nyuma yake kwa ndani, kwenye nyuso mbili zinazopokea kishindo cha risasi. Hapo ndipo uhai wa bunduki ulipo. Mafuta ya kulainishia chuma huteremka miaka mingi hadi mahali hapo, mbao inageuka nyeusi na laini. Bonyeza kwa kucha: ikiacha alama, basi imekufa, na risasi chache zitaipasua. Kurekebisha ni kukata sehemu iliyolainika na kupachika kipande cha mbao ngumu kwa gundi ya epoksi, lakini epoksi haishiki kwenye mbao iliyojaa mafuta. Hivyo andaa asetoni na nusu kilo ya unga wa chaki. Changanya uji mzito, paka, acha ukauke, futa, rudia mpaka unga usipobadilika rangi. Fanya hivyo nje, mbali na moto. Usitumie kostiki wala dawa za kusafishia oveni, kwani hula nyuzi za mbao na kuifanya nyeusi.

Msasa hauhitajiki mahali pengi. Ukiutumia, mbao inashuka chini ya usawa wa chuma na kitako kinaonekana kimekonda. Mbonyeo hunyanyuliwa kwa kitambaa cha pamba kilicholowa na pasi ya moto. Nyuzi zilizobonyea zitapanda, zilizokatika hazitapanda. Baada ya hapo stiliwaya laini kabisa inatosha.

Mafuta ya jeshi yalikuwa ya kitani, mabichi, yale mafundi rangi wanayaita linsidi. Robo lita inatosha na kubaki. Paka kidogo, sugua kwa kiganja, futa yaliyobaki baada ya nusu saa. Panga siku kadhaa kati ya mpako na mpako, na zaidi kama unaishi Mombasa, Tanga au popote penye unyevu wa pwani. Ukiharakisha, mbao inabaki inanata na kushika ukungu. Ndani ya mbao pia pakae mafuta hayo, maana mbao iliyozibwa nje tu hunywa unyevu kwa ndani na kupinda.

Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani hupata joto yenyewe na kuwaka yakikunjwa pamoja. Weka ndoo ya maji karibu kabla hujafungua chupa, yatumbukize humo mara tu unapomaliza, au yatandaze nje moja moja mpaka yakakamae.