Anza na malkia: jinsi ya kuisoma habari ya ubatizo wa Waanglo-Saksoni

Kabla hujafungua kitabu chochote, tafuta karatasi kubwa, ilaze kwa upana, upige mistari upate safu saba. Juu ya kila safu andika jina moja: Kent, Essex, Anglia Mashariki, Northumbria, Mercia, Wessex, Sussex. Hizo zilikuwa falme za Waanglo-Saksoni, watu wa asili ya Kijerumani waliohamia Uingereza, kila moja na mfalme wake na ugomvi wake. Ufalme mmoja wa Uingereza haukuwepo bado, na msomaji anayelisahau hilo hupotea mapema.

Nalisema kwa sababu nilipotea mimi, na darasa zima likiwa nyuma yangu. Mwaka wangu wa kwanza kuwafundisha makatekista historia ya Kanisa, niliieleza mada hii kama nilivyoelezwa: Papa Gregori akamtuma mtawa Agostino (si yule wa Hippo), Agostino akafika Kent mwaka 597, watu wakaamini, haya tuendelee. Mama mmoja aliyeketi mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama waliamini, mbona hapa askofu wa London anafukuzwa na watu wanarudia sanamu?" Nilibaki nimeshika chaki. Usiku ule ndipo nilipochora safu saba kwa mara ya kwanza.

Alama ni mbili tu. Mfalme akibatizwa, weka msalaba na mwaka. Yeye au mrithi wake akirudia miungu ya zamani, weka duara tupu. Halafu kalamu nyekundu itunze kwa kazi moja: popote anapotajwa mke wa mfalme, binti yake au harusi, andika jina la huyo mwanamke kwa wekundu.

Anza na Kent, lakini usianze na Agostino. Jina la kwanza liwe Bertha, kwa wekundu. Alikuwa binti wa Charibert, mfalme wa Wafaranki aliyetawala Paris, na aliolewa na Ethelbert wa Kent kwa sharti kwamba aachiwe dini yake. Alikuja na askofu wake, Liudhard, na alisali katika kanisa la Mtakatifu Martin upande wa mashariki wa Canterbury. Kanisa hilo lingali linasaliwa hadi leo, na matofali ya Kirumi yanaonekana kutani. Kwa hiyo Agostino aliposhuka kisiwani Thanet, huko Kent, na wenzake wapatao 40, mfalme alikuwa amekwisha kuishi na Mkristo nyumba moja kwa miaka. Hata hivyo alikataa kukutana nao ndani. Aliwapokea uwanjani, akihofia kwamba chini ya paa uchawi wao ungempata. Andika na hilo. Linakuonyesha alikuwa mtu mwenye hofu na tahadhari, wala hakuwa mtu wa kusombwa na hotuba moja.

Hapo Kent kaa kidogo na barua mbili za Gregori za mwaka 601. Ziweke ubavu kwa ubavu, upige mstari chini ya kila amri. Katika barua kwa Ethelbert, ya mwezi Juni, Papa anamhimiza mfalme abomoe mahekalu ya sanamu. Wiki chache baadaye anamwandikia Mellitus, mmisionari aliyekuwa bado safarini kwenda Uingereza, kwamba amelifikiria sana jambo hilo: sanamu ziharibiwe, mahekalu yaachwe, yanyunyiziwe maji ya baraka na kuwekewa altare. Ng'ombe waliokuwa wakichinjiwa mashetani wachinjwe siku za sikukuu, watu wale na kumshukuru Mungu. Sababu anayoitoa ni kwamba apandaye mahali pa juu hupanda hatua kwa hatua, harukii kileleni. Darasani kwangu barua hizi huchukua kipindi kizima, na sioni hasara. Mtu mkubwa wa Kanisa anabadili shauri lake ndani ya mwezi mmoja, na tunamwona akilibadili.

Sasa maduara. Ethelbert alipokufa mwaka 616, mwanawe Eadbald alikataa imani akamwoa mjane wa baba yake. Kent imepata duara. Huko Essex alikufa Sæberht, mfalme aliyebatizwa, akaacha wana watatu wasiobatizwa. Walimwona askofu Mellitus akigawa ekaristi kanisani, wakamuuliza kwa nini hawapi na wao ule mkate mweupe aliokuwa akimpa baba yao Saba, kwani ndivyo walivyomwita. Mellitus akawajibu wabatizwe kwanza. Wakasema hawana haja ya kuoshwa, wanataka mkate. Alipokataa, wakamfukuza. Ndiye yule askofu wa London, mji wa Essex, aliyeniumbua mbele ya yule mama. Nalipenda tukio hili kwa sababu linaonyesha wazi vijana hao walielewa nini: mkate wa mfalme ni haki ya wana wa mfalme.

Anglia Mashariki weka msalaba na duara pamoja. Rædwald alibatizwa Kent, akarudi nyumbani, mkewe na washauri wake wakamgeuza. Akawa na hekalu moja lenye altare ya Kristo na pembeni altare ndogo ya sadaka za zamani. Kalamu nyekundu hapa inamwandika mke aliyevuta upande wa pili, nawe umwandike vilevile. Wataalamu wengi humhusisha Rædwald na kaburi la merikebu lililofukuliwa Sutton Hoo mwaka 1939, ambamo mna bakuli za fedha zenye alama ya msalaba. Ila jina lake hapo liandike kwa penseli, maana kaburini hamna maandishi yanayomtaja.

Northumbria ndiyo safu itakayojaa kuliko zote, kwa hiyo iachie nafasi. Wekundu tena: Ethelburga, binti wa Ethelbert wa Kent, aliolewa na Edwin aliyekuwa mpagani, akaja na Paulinus, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 625. Pasaka ya 626 muuaji aliyetumwa kutoka Wessex alimshambulia Edwin kwa kisu chenye sumu, na usiku uleule malkia akajifungua binti, Eanfled. Mfalme aliruhusu mtoto abatizwe, na akabatizwa siku ya Pentekoste. Piga mstari chini ya jina la mtoto huyo. Edwin mwenyewe alibatizwa York siku ya Pasaka 627, baada ya kushauriana na wakuu wake. Watu wengi huishia kwenye baraza hilo na mfano uliotolewa hapo, kwamba maisha ya mtu ni kama ndege mdogo anayepita ukumbini wakati wa baridi. Ni mfano mzuri, lakini usikomee hapo. Nenda mpaka Yeavering, makao ya mfalme, ambako Paulinus alifundisha na kubatiza siku 36 mfululizo katika mto Glen. Kisha soma kilichofuata: mwaka 633 Edwin aliuawa vitani, Paulinus na malkia wakakimbilia Kent, na wafalme wawili waliorithi wakaiacha imani. Aliyebaki kufundisha ni shemasi mmoja, Yakobo. Jina lake liandike kwa herufi kubwa.

Oswald, mfalme aliyefuata wa Northumbria, aliporudi kutoka uhamishoni, aliomba askofu kutoka Iona, kisiwa cha watawa wa Kiairishi, kwani kwa Waairishi ndiko alikobatizwa. Wa kwanza kutumwa alikuwa mkali, akarudi akilalamika kwamba watu hawa hawafundishiki. Mtawa mwenzake, Aidan, akamwambia alipaswa kuwapa kwanza maziwa ya mafundisho mepesi. Ndipo wakamtuma yeye. Alifika mwaka 635, akapewa kisiwa cha Lindisfarne. Kiingereza chake kilikuwa kibovu, hivyo mfalme, aliyejifunza Kiairishi uhamishoni, ndiye aliyemtafsiria mbele ya wakuu wake.

Wessex ni msalaba mmoja mfupi: askofu Birinus alimbatiza mfalme Cynegils, Oswald akiwa baba wa ubatizo, naye akamwoa binti wa Cynegils. Mercia ilitawaliwa na Penda, aliyekufa mpagani mwaka 655. Lakini hakuwazuia wahubiri, na aliowadharau ni Wakristo wasioishi imani yao. Mwanawe Peada alibatizwa mwaka 653 ili amwoe binti wa Oswiu, ndugu wa Oswald aliyetawala Northumbria baada yake. Sussex ilichelewa mpaka askofu Wilfrid alipohubiri huko miaka ya 680.

Ukimaliza, ongeza safu ya nane, nyembamba, upande wa magharibi: Wabritania. Hao ni wenyeji waliokuwepo kabla ya Waanglo-Saksoni, na walikuwa Wakristo tangu enzi za Warumi. Habari nyingi tulizonazo zinatoka kwa Beda, mtawa wa Jarrow aliyeingia monasterini akiwa na miaka 7 na kumaliza historia yake mwaka 731, naye hakuwapenda. Anawalaumu kwamba hawakuwahubiria Waanglo-Saksoni. Beda ni mkweli kiasi cha kukutajia nani kamweleza nini, lakini safu hiyo itakukumbusha amesimama upande gani.

Mwisho piga mstari mmoja ukate safu zote: mwaka 664. Mfalme Oswiu wa Northumbria alihesabu Pasaka kwa desturi ya Iona, mkewe kwa desturi ya Roma. Ilitokea mfalme akawa amefungulia, anasherehekea Pasaka, na malkia angali katika Kwaresima, ndiyo kwanza anaadhimisha Jumapili ya Matawi. Baraza likaitwa Whitby, katika monasteri iliyoongozwa na abesi Hilda, na Oswiu akachagua Roma. Sasa tazama jina la malkia huyo: Eanfled, yule mtoto wa usiku wa kisu. Fuata mstari mwekundu urudi nyuma, kutoka kwake hadi kwa mama yake Ethelburga. Hilda pia alibatizwa na Paulinus, pamoja na Edwin. Oswiu alipokufa, Eanfled akaenda kuishi Whitby, baadaye akaiongoza monasteri ile pamoja na binti yake, na huko alizikwa, katika kanisa lilelile yalimolazwa mabaki ya Edwin, baba yake.