Mtihani wa leseni ya uuguzi: nilivyojiandaa mara ya pili

Wadogo zangu mliomaliza mafunzo kazini hapa Mwanza mmeniuliza sana, basi leo naandika yote. Nianze kwa kukiri: mara ya kwanza nilifeli. Nilikuwa nimekariri maana ya kila ugonjwa, nikakutana na karatasi inayotaka kujua nesi afanye nini.

Hatua ya 1: Nyaraka. Majina kwenye kitambulisho cha NIDA, cheti cha kidato cha nne na cheti cha chuo yafanane herufi kwa herufi. Kama yanatofautiana, shughulikia mapema. Tarehe na ada zisome kwenye tangazo la Baraza la Uuguzi na Ukunga lenyewe, siyo picha iliyozungushwa kwenye magrupu.

Hatua ya 2: Hesabu za dawa, kila siku. Hapa ndipo wengi tunapoangukia. Tano kabla ya kulala zinatosha. Mfano: lita 1 ya dripu iishe kwa saa 8, seti yako (mrija wa dripu) inatoa matone 20 kwa mililita. 1000 × 20 ÷ 480 = 41.7, yaani matone 42 kwa dakika. Ukipata 2500, umesahau kugeuza saa kuwa dakika. Hakuna dripu ya hivyo, hilo ni bomba la mvua.

Sisi wa ziwani tusishindwe kichocho: praziquantel miligramu 40 kwa kilo. Mtoto wa kilo 30 anapata 1200, vidonge viwili vya 600.

Iliyonitesa ni magnesium sulphate, dawa ya kifafa cha mimba. Kichupa cha asilimia 50 chenye mililita 10 kina gramu 5. Unataka gramu 4 za kupita mshipani, ziwe asilimia 20: vuta mililita 8, ongeza maji ya sindano mililita 12. Niliielewa siku nilipokaa chumbani kwangu Kirumba na bomba la sindano la mililita 20 na kikombe cha maji, nikavuta 8, nikavuta 12, nikamwaga, nikarudia mpaka mwenye nyumba akauliza kama kuna mgonjwa. Kabla ya kila dozi ya kuendeleza, angalia vitu vitatu: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liruke ukiligonga, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Calcium gluconate gramu 1, dawa ya kuipinga ikizidi mwilini, iwe karibu.

Hatua ya 3: Soma mstari wa mwisho wa swali kwanza. Mama amejifungua, damu inamwagika, mji wa mimba umelegea kama unga uliozidi maji. Ufanye nini kwanza? Zamani ningechagua "mpigie daktari simu usubiri". Ukweli ni kwamba unaukanda mji wa mimba huku unaita msaada kwa sauti. Majibu manne yanaweza kuwa sahihi yote. Wanachopima ni lipi linatangulia.

Hatua ya 4: Kikundi kidogo. Sisi tulikuwa wanne. Kila Jumapili mtu analeta maswali kumi aliyotunga mwenyewe. Kutunga majibu matatu ya uongo yanayofanana na ukweli kunafundisha kuliko kusoma daftari zima.

Hatua ya 5: Siku yenyewe. Mnaotoka Ukerewe, vukeni siku moja kabla. Upepo wa ziwa haujui una mtihani.

MASWALI YA WANACHAMA

*Geita:* Shikamoo dada. Kiingereza kinanisumbua, nifanyeje?

Marahaba mdogo wangu. Usihangaike na sarufi. Pigia mstari maneno madogo yanayobeba swali, yale ya "kwanza", "zaidi" na "isipokuwa". Hilo la "isipokuwa" ndilo linalowaliza wengi: unaona jibu la kweli unalikimbilia, kumbe wanataka la uongo.

*Nyegezi:* Kwa nini maji 12 na siyo 20, wakati tunataka asilimia 20?

Swali zuri. Dawa uliyovuta nayo ina ujazo wake. 8 + 12 ni 20, na gramu 4 ndani ya mililita 20 ni asilimia 20. Ukiongeza 20 unapata mililita 28, dawa inashuka hadi karibu asilimia 14.

*Nansio:* Kuna mtu anauza maswali "yaliyovuja". Ninunue?

Usinunue. Hiyo pesa ni nauli yako ya meli kwenda na kurudi, utakuwa umeitupa majini, na ukikamatwa nayo unahatarisha leseni ambayo hata hujaipata.

*Igoma:* Dada, nimefeli na mama alishawatangazia majirani wote kwamba mimi ni nesi. Natoka nyumbani usiku tu.

Pole sana. Mimi nilipitia Mabatini wiki tatu kukwepa mama mmoja muuza dagaa wa hapa kwetu. Nitumie mada mbili zilizokuangusha. Leo niko zamu ya usiku, nikitoka asubuhi nakujibu, na Jumapili njoo na maswali yako kumi.