Kompyuta inawaka lakini skrini ni nyeusi: uanzie wapi

Mwongozo huu ni wa kompyuta ya mezani ambayo feni zinazunguka, taa inawaka, ila skrini haileti hata nembo ya kampuni. Nembo ikionekana halafu giza likaingia Windows inapoanza, hilo ni suala la dreva (programu inayoendesha kifaa) au diski, wala usifungue boksi.

1. Monita

Chomoa waya wa picha, acha ule wa umeme. Monita ikiandika "No Signal", ni nzima. Ikibaki nyeusi huku taa yake inawaka, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa upande. Ukiona maandishi hafifu, taa za nyuma ya kioo ndizo zimekufa.

2. Tundu la waya

Kama kuna kadi ya picha, waya uchomekwe kwenye kadi, si kwenye madabodi (ubao mkuu wa kompyuta). Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, mfano i5-12400F, hazitoi picha kabisa bila kadi. Na ile kebo ya bei poa yenye HDMI huku na VGA kule, isiyo na chipu ndani, haitaleta picha hata ukeshe nayo. Nunua adapta yenye chipu.

3. Caps Lock

Subiri dakika moja, bonyeza Caps Lock. Taa ya kibodi ikiwaka na kuzima, kompyuta imeshaamka: rudi hatua ya 2. Isipoitikia, endelea.

4. RAM

RAM ni vile vipande virefu vya kumbukumbu vinavyochomekwa kwenye madabodi. Hapa ndipo tatizo lilipo mara nyingi, hasa kwa mashine za mtumba zilizosafiri na kukaa stoo zenye vumbi na unyevu. Usikubali kuuziwa madabodi kabla ya kumaliza hatua hii.

Chomoa umeme ukutani, kisha shikilia swichi ya kuwasha kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha boksi kabla ya kugusa kitu kingine.

Toa RAM zote, rudisha umeme, halafu washa bila RAM hata moja. Watu wengi huruka kipimo hiki, nacho ndicho kinachookoa pesa. Madabodi ikipiga milio, au taa ikipepesa kwa mpangilio (HP nyingi za ofisi za zamani hupepesa nyekundu mara 5 na kulia mara 5), basi madabodi na prosesa vinafanya kazi, na mtuhumiwa ni RAM au sloti yake. Ikikaa kimya, hakikisha kwanza kwamba ina spika, kwa sababu madabodi nyingi za kuunganisha mwenyewe huja bila spika. Ile ndogo ya pini 4 ni bei ndogo, na mimi siwezi kufanya kazi bila hiyo.

Sasa chomoa umeme tena, kisha safisha miguu ya dhahabu ya RAM kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti ya isopropili ya 99%. Spiriti ya asilimia 70 ina maji, hivyo iache ikauke vizuri. Ufutio wa penseli unafanya kazi ila huacha makombo, na makombo yakiingia kwenye sloti umejitengenezea tatizo jipya. Msasa, hapana: unakwangua dhahabu, na kutu inafuata. Sloti ipige brashi laini kavu.

Rudisha RAM moja tu. Kwenye madabodi nyingi zenye sloti nne, anza na ya pili kutoka kwa prosesa. Sukuma ncha zote mbili mpaka lachi (kibano cha pembeni mwa sloti) ijifunge. RAM iliyoingia upande mmoja inaonekana imekaa sawa kumbe haijakaa. Isipowaka, hamishia sloti nyingine, kisha jaribu RAM nyingine, moja moja.

Kama tatizo limeanza baada ya kuongeza RAM, soma lebo. PC3-10600U ni ya kompyuta ya kawaida. PC3-10600R ni ya seva. Zina pini 240 zote na zinaingia sloti ileile, lakini ya R haitawasha mashine ya kawaida. Sokoni huuzwa rahisi kwa sababu hiyo.

Tahadhari moja: mashine zenye RAM ya aina ya DDR5 zinapowashwa mara ya kwanza baada ya kubadili RAM huweza kukaa gizani dakika kadhaa zikijipima. Usizime.

5. Betri ya CMOS

Umeme ukiwa umechomolewa, toa betri ya CR2032 (ile ya duara kwenye madabodi, inayotunza mipangilio yake) kwa dakika 5. Ipime: mpya ina volti 3 hivi, ikishuka chini ya 2.7, tupa.

6. Umeme

Angalia plagi ya pini 4 au 8 iliyo karibu na prosesa. Ikiwa imelegea, feni zitazunguka lakini prosesa haitaamka. Pima waya wa njano kwa multimita mashine ikiwa imewashwa: iwe kati ya volti 11.4 na 12.6. Ikiwa nje ya hapo, badilisha pawa saplai nzima. Usiifungue: kapasita zake hubaki na umeme mkali hata baada ya kuchomolewa.