Somo: Kuhariri hadithi yako mwenyewe

Wengi huanza kuhariri kwa kusahihisha tahajia, na hapo ndipo hadithi inapokwama. Ukishaung'arisha ukurasa wa 3 kwa siku nzima, moyo wa kuufuta huna tena, hata ukigundua kisa hakiuhitaji. Tahajia ije mwisho.

Hatua ya 1. Iache rasimu wiki 2 bila kuifungua. Kisha ichapishe, uisome kwa kikao kimoja bila kalamu. Ukimaliza, andika ulipochoka.

Hatua ya 2. Kila tukio liandikie mstari mmoja: nani anataka nini, na mwishoni nini kimebadilika. Kama hakuna kilichobadilika, litoe au liunganishe na jingine. Kagua na mahali pia. Anayetoka Mji wa Kale wa Mombasa kwenda Nyali hapandi feri ya Likoni, anapita darajani. Na kama kisa ni cha zamani, majahazi ya Uarabuni huja na kaskazi, upepo wa kuanzia Desemba hadi Machi. Ukiyaleta Juni, msomaji wa Mombasa hakuamini tena.

Hatua ya 3. Sasa sentensi. Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu a- na -m- zetu hubeba mtu yeyote:

"Zuhura alimwambia Mwanaisha kuwa amemchoka na atamrudishia kanga zake."

Nani kamchoka nani? Kanga ni za nani? Mwache aseme mwenyewe:

"Nimekuchoka," Zuhura alisema. "Kanga zako nitakurudishia."

Utata umekwisha, na sauti ya mtu imesikika. Kisha zisake amba-. "Mzee ambaye alikuwa amekaa barazani" ni "mzee aliyekaa barazani", basi.

Hatua ya 4. Soma kwa sauti. Ulimi ukikwama, tia alama uendelee. Ukisimama kusahihisha, mwendo wa hadithi utakupotea.

Kila rasimu ihifadhi kivyake, jina la faili liwe na tarehe. Kuna aya utakazozitaka tena.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nimeiambia kompyuta ibadilishe "jahazi" kuwa "mashua" kote, sasa hadithi imevurugika. Nifanyeje?

Jibu: Kompyuta imebadilisha neno, ngeli imeiacha pale pale. Ndiyo maana unasoma "mashua lake kuukuu lilitia nanga". Pitia kwa jicho: lake, lile, hilo, lilitia. Kinachowaponyoka watu ni kile kilicho mbali, aya 2 mbele, ambapo neno lenyewe halipo: "nililiona likiyumba". Hilo nalo liwe "niliiona ikiyumba".

Swali: Wahusika wangu ni wa Kibokoni, Mombasa. Waseme Kimvita, lahaja ya huko?

Jibu: Kwenye mazungumzo, ndiyo, tena kunapendeza. "Ndoo" kwa njoo, "ndia" kwa njia. Masimulizi yabaki sanifu, isipokuwa msimulizi mwenyewe ni mtu wa huko. Ila uwe na msimamo: bibi akisema "ndia" ukurasa wa 2 na "njia" ukurasa wa 5, amekuwa watu wawili. Andika orodha ya maneno ya kila mhusika, uiweke kando ya rasimu.

Swali: Nitajuaje imetosha?

Jibu: Ukijikuta unarudisha neno ulilolifuta juzi, mpe mtu mwingine asome. Usimuulize kama ameipenda. Muulize alichoka wapi, ulinganishe na pale ulipochoka wewe.